Sweta la Kijani la Awil

Kufuma sweta Garissa, jamani, ni jambo la kuchekesha, na watu walimcheka Sharifo kweli kweli. Huu ni mji ambao adhuhuri yake mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta. Halafu huyu mke wa Duale mwenye duka anakaa barazani na sindano mbili ndefu, donge la sufu mapajani, anafuma. Anamfumia nani? Wanawake waliokuja kununua sukari walimuuliza hivyo na hawakungoja jibu. Kaltun, muuza maziwa ya ngamia, ambaye ulimi wake haukuwa na breki hata siku ya Ijumaa, alisema Sharifo anawafumia majini, maana binadamu wa Garissa hawezi kuvaa kitu kile mchana akabaki hai.

Sharifo alicheka nao na kuendelea. Hakuuza alichofuma wala hakutaka sifa. Mikono yake ilikuwa inapenda kazi ile tu, basi, kama mwingine anavyopenda kutafuna tambuu au kusikiliza mambo ya nyumba za watu. Alifunzwa na jirani, mke wa karani wa mifugo, mama wa kutoka milimani aliyekuwa akisikia baridi hata pasipo na baridi. Vita vya shifta, wale waasi wa porini, vilipoanza na malori yakaanza kushambuliwa njiani, karani aliomba uhamisho. Siku ya kuondoka mkewe alimwachia Sharifo sindano zake zote, akamwambia mikono kama yako ikikaa bure itakuwa dhambi.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa lesi. Shali nyeupe ya uzi mwembamba, yenye vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa vikatoa majani ya mgunga. Watu hawajui tabu ya lesi. Kila tundu limewekwa kwa makusudi. Ukiruka kitanzi kimoja tu, safu zote za juu zinakwenda upogo, na huna budi kufumua na kuanza tena. Sharifo alifumua na kuanza tena, akijitukana chini kwa chini ili watoto wasisikie. Ilimla miaka. Shali ilikuwa ya mke wa Awil, ndugu yake wa mwisho, aje atupiwe mabegani siku ya arusi. Msichana mwenyewe alikuwa hajapatikana. "Lesi ishafika, bado bibi," Duale alikuwa akimtania shemeji yake kila alipoingia mjini, na Awil anainama na kucheka na kukohoa.

Kukohoa, ndiyo. Kifua cha Awil kilikuwa kibovu tangu utotoni. Mama yao alifariki mtoto bado ananyonya, na Sharifo ndiye aliyembeba mgongoni, akamnywesha maziwa ya mbuzi, akamsugua kifua kwa samli ya moto kila ulipokuja msimu wa upepo. Sasa alikuwa kijana mrefu wa kuchunga ngamia wa baba yao kule upande wa Bura. Watu wa mjini husahau kwamba porini usiku upepo wa Julai unapenya mpaka kwenye mifupa, na mchungaji halali ndani, analala na ngamia. Kila mwaka Sharifo aliusikia ule upepo ukipiga bati la duka naye akakosa usingizi.

Kabla ya sweta, lakini, kulikuwa na soksi. Hizi ndizo zilizowanyamazisha waliokuwa wakimcheka, au tuseme zilipunguza sauti zao. Baba yake, Mzee Abdille, aliishi naye. Macho yalikuwa yamemwishia karibu kabisa, na magoti yalikuwa yakimuuma; kuinama kuosha miguu kwa ajili ya sala mara tano kwa siku ilikuwa adhabu. Dini imempa mtu kama huyo nafasi: akitawadha asubuhi na kuvaa soksi nene juu ya miguu iliyo safi, anaweza kutawadha tena akipangusa tu juu ya soksi kwa mkono wenye maji. Wazee wengi walitumia soksi za ngozi. Sharifo akasema baba yangu nitamfumia mimi.

Basi si alikuwa ametoka kwenye lesi? Akafuma soksi nzuri ajabu, na kifundoni akaweka vitundu vya majani ya mgunga. Mzee akazipeleka kwa Maalim Noordin, mwalimu wa chuo cha Kurani, kwenda kuuliza kama zinafaa. Maalim akaingiza mkono ndani ya soksi, akainyanyua juani, akatazama vidole vyake vyote vitano vikimchungulia. Kisha akaimwagia maji kidogo, nayo yakapita moja kwa moja mpaka kwenye kanzu yake. "Hizi," alisema, "ni nzuri sana kwa kuchujia chai." Kaltun aliisimulia habari hiyo mji mzima, na chai ya duka la Duale ikaitwa chai ya soksi.

Sharifo aliona haya, lakini alikuwa na kichwa kigumu. Akarudi kwenye sindano nyembamba, akashika nyuzi mbili pamoja, akakaza kila kitanzi mpaka vidole vikavimba. Kisha akazichemsha soksi mpya kwenye sufuria, akazisugua, akazichemsha tena, sufu ikashikana ikawa kama jamvi. Maalim Noordin alizimwagia maji, yakatiririka yakaanguka. Akamwaga tena. Akasema hizi zinapanguswa, na Mzee Abdille akavaa soksi zake, na tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia wageni kwamba binti yake amemrudishia magoti. Ndipo Sharifo akawa na mkono wake wa kufuma aliojulikana nao: wa kukaza, wa sawasawa, usio na pengo. Ukishika kazi yake ungedhani imetoka kiwandani.

Kumbuka hilo, maana ndilo lililokuja kumponza.

Vita vikazidi. Mwaka wa sitini na sita barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa inapitika kwa msafara wa askari tu, na lori likibahatika kufika lilileta unga na chumvi, nani atabeba sufu? Mwenye duka wa Kihindi aliyekuwa akimwagizia nyuzi alifunga duka akaenda zake. Sharifo akaanza kula akiba: akafumua kofia za watoto, akafumua foronya ya mto, akafumua fulana aliyoachiwa na mke wa karani. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mikunjo. Unaufunga mashada, unauosha, unauning'inizia jiwe mpaka unyooke, nao unarudi kuwa mpya. Hiyo ndiyo raha ya kufuma ambayo mshonaji hanayo. Nguo ya kushona ukiikata imekatika. Ya kufuma, ukivuta uzi, inarudi mwanzo kabisa, haijawahi kuwa kitu.

Sasa, kulikuwa na koplo mmoja wa kambi ya askari iliyokuwa ukingoni mwa mji. Alikuwa mpishi, mtu mnene mwenye tabasamu, na alikuja dukani kununua sigara na kuzungumza. Siku moja alileta sweta lake la kazi, la kijani la askari, limeraruliwa na miiba begani na kwenye kiwiko. Mama, nirekebishie. Sharifo akalitazama, akamwambia ukweli: begani pamekwisha, hapashikiki. Koplo akacheka, akasema basi chukua wewe, mimi nitapewa jingine, fanya nalo upendavyo. Baada ya muda mfupi alihamishwa, hakuna aliyejua wapi, na nani angewaambia raia askari wamepelekwa wapi.

Sharifo alilikalia sweta lile siku kadhaa. Sufu ilikuwa nzuri, nene, ya moto, hajapata kushika mfano wake. Na upepo wa Julai ulikuwa njiani. Duale alimwambia, "Mke wangu, hiyo ni nguo ya serikali." Yeye akang'oa viraka vya mabegani, akavitupa jikoni motoni, akaitafuta ncha ya uzi shingoni, akavuta. Jioni ile ile lilikuwa limekwisha. Mapajani mwake palikuwa na madonge ya uzi tu. "Iko wapi nguo ya serikali?" alimuuliza mumewe. "Nionyeshe."

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa la mfumaji. Mtu mwingine yeyote angeona rangi. Yeye aliona uzi. Kwake, kitu kilichofumuliwa hakina historia. Alifikiria kidogo kukipaka rangi, kweli, lakini pakiti za rangi zilikuwa zimeadimika kama kila kitu, na kijani kile hakingeonyesha vumbi la porini. Akamfumia Awil sweta la shingo ya juu, mikono mirefu, kifuani akashika nyuzi mbili mbili ili upepo usipate njia. Uzi ulimwishia shingoni, akamalizia kwa upande wa ndani, pasipoonekana, kwa uzi mwekundu uliotoka kwenye kofia ya mtoto. Vipande vifupi vilivyokatika penye miraruko, visivyofaa sweta, akaviunga akamfumia baba yake soksi mpya, maana zile za kwanza zilikuwa zimechakaa, na mfumaji hatupi hata kamba ya urefu wa kidole.

Awil alikuja kulichukua mwenyewe. Akalivaa hapo hapo mchana kweupe, jasho linamtoka, akazunguka barazani watu wamwone. "Abaayo," alimwambia, kama alivyozoea kumwita dada yake, "mwaka huu sikohoi." Sharifo alijaa furaha kiasi kwamba alimkaripia avue asije akaugua joto. Akaondoka nalo begani.

Kisha ikaja ile amri ya kukusanya watu. Wachungaji wote waache pori, waje na mifugo yao wakae vijijini palipozungushiwa miiba, wahesabiwe. Atakayekutwa nje ni shifta. Watu wa umri fulani wakitaja wakati ule hata leo wanapunguza sauti. Awil alifanya alivyoambiwa. Alileta ngamia wa baba yake taratibu kuelekea mjini, na asubuhi moja yenye upepo alifika kwenye kizuizi cha barabara akiwa amevaa sweta la kijani.

Habari ililetwa na Kaltun. Alifika dukani na vibuyu vyake vya maziwa vikiwa vimejaa, hajauza hata kimoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizungumza polepole. Alikuwa nyuma ya Awil kwenye foleni. Askari walimwona kijana wa Kisomali ndani ya sweta la jeshi, na siku chache nyuma askari mwenzao alikuwa ameviziwa na kuuawa njia ya Bura, na maiti yake ilikutwa imevuliwa. Hawakumuuliza mengi. Walimvua sweta, wakamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya ngamia, wakampeleka kambini. Ngamia walibaki wamesimama barabarani, na Kaltun hakujua ni nani aliyewachukua.

Sharifo alishika ukingo wa meza. Alielewa mara moja: wanadhani ni sweta la marehemu, yule askari aliyeviziwa. Kama ni la marehemu, basi Awil ni muuaji, na muuaji anatiwa kitanzi.

"Naenda," alisema.

"Unaenda kusema nini?" Duale alimuuliza. Alikuwa ametoka nyuma ya mizani, uso umemkauka. "Kwamba ni wewe uliyemvisha?"

"Kwamba ni mimi niliyelifuma."

"Ni maneno yale yale, Sharifo."

Hayakuwa maneno yale yale kwake. Alichukua sindano zake, akajitanda shuka, akaenda. Na Duale, masikini, ambaye alijua kwamba mwenye duka Msomali akiingia kambini ataulizwa unga wake unaliwa na nani porini, alitembea naye mpaka karibu na lango, akasimama hapo, hakuthubutu kuendelea. Tusimlaumu. Wengi walikuwa hawafiki hata hapo.

Mkubwa wa kambi alikuwa mtu mpole, na upole huo ulimtia Sharifo moyo, angalau mwanzoni. Alimpa kiti. Sweta lilikuwa mezani mbele yake, limekunjwa vizuri. Kiswahili cha Sharifo kilikuwa cha dukani, cha kupima sukari na kurudisha chenji, lakini alikusanya alichonacho.

"Afande, hii sweta mimi nimefuma. Kwa mikono. Huyu kijana ni ndugu yangu, kifua yake ni mbaya."

Afande alilishika, akalivuta, akalitazama karibu na macho. "Mama, hii ni kazi ya mashine."

"Si mashine. Angalia shingoni, ndani. Iko uzi nyekundu. Uzi ilinimalizikia."

Aligeuza shingo ya sweta. Uzi mwekundu ulikuwepo. Akamsogezea donge la kamba nyembamba iliyokuwa juu ya kabati, akasema, "Fuma nione."

Sharifo akafuma. Vidole vilikwenda polepole katika safu ya kwanza, baadaye vikashika mwendo, maana vidole havijui mtu yuko wapi. Askari wawili walikuja mlangoni kutazama. Mmoja alisema mama yake nyumbani hufuma hivyo hivyo, na Sharifo alimtazama kwa shukrani kubwa kupita kiasi. Kipande kilikua mikononi mwake, kimekazwa, sawasawa, hakina pengo. Afande alikichukua akakiweka kando ya sweta, akavilinganisha. Vilikuwa mkono mmoja.

"Sawa," alisema. "Nimekubali. Si la yule marehemu."

Sharifo alifunga macho. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Alikuwa tayari anaona njia ya kurudi nyumbani, Awil pembeni yake, Kaltun akitangulia kutangaza.

"Sufu umetoa wapi?"

Akamwambia yote: koplo mpishi, miiba, begani palivyokwisha. Aliitwa nani? Tulimwita Koplo. Yuko wapi? Alihamishwa. Aliandika kwamba amekupa? Sharifo hakuelewa swali. Nani anaandika anapompa jirani nguo iliyoraruka?

"Kwa hiyo," afande alisema, bado kwa upole, "umechukua mali ya jeshi, ukaifumua, ukatengeneza sweta la rangi ya jeshi, kazi safi ambayo hata mimi nimedhani ni ya kiwanda, ukampa kijana anayekaa porini. Wakati wa vita." Alingoja. "Umewafumia wangapi wengine, mama?"

"Hakuna. Wallahi, hakuna."

"Sufu yote imeingia hapa?"

Na Sharifo, ambaye alikuwa amekuja pale na ukweli tu na hakuwa na kitu kingine cha kushika, alijibu ukweli. "Imebaki kidogo. Nimefuma soksi ya baba yangu."

Walimfuata nyumbani askari wawili, yule ambaye mama yake hufuma na mwenzake. Mzee Abdille alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akisubiri adhuhuri. Alisikia viatu, akauliza ni nani. Askari kijana alichuchumaa akamvua soksi, moja, kisha nyingine, bila ukali, kama anavyovuliwa mtoto. Hakumtazama Sharifo usoni. Mzee alibaki akipapasa miguu yake mitupu, akisema, "Sharifo, nani huyo? Nimeshatawadha. Nani huyo?"

Hajawahi kuona aibu kama ile, Sharifo. Alitaka ardhi immeze na haikummeza.

Awil hakutiwa kitanzi. Kwa hilo watu walimsifu Sharifo, wakasema umemwokoa ndugu yako. Lakini hakuachiliwa pia. Mtu akikutwa na mavazi ya jeshi wakati wa hali ya hatari, hiyo peke yake inatosha, naye, na wenzake waliokamatwa kwa mengine, na wale waliokamatwa bure, wangepelekwa wote pamoja kwenye jela ya huko juu milimani. Askari mmoja aliyekuwa akija kununua sigara ndiye aliyemnong'oneza Duale. Huko milimani, alisema, asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Na sweta? Sweta ni ushahidi, linabaki mezani.

Fikiria mtu huyo. Amefuma sweta ili mtoto aliyemlea asipatwe na baridi, na sweta hilo hilo ndilo linampeleka kwenye baridi, na yeye anaondoka bila ya sweta. Sharifo alilifikiria hivyo mara moja tu, akahisi akili inataka kumhama, akaamka akatafuta uzi.

Hapakuwa na uzi. Alipekua sanduku, akapekua duka, akaenda nyumba hadi nyumba. Wanawake waliomcheka miaka yote walimtolea walichonacho, pindo la shuka, kamba ya kibuyu, na hakuna kilichofaa. Aliporudi alifungua kasha la chini kabisa, akaitoa lesi.

Aliitandaza kitandani. Majani ya mgunga yote yalikuwa mahali pake, hakuna hata tundu lililokwenda upogo. Kaltun alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Usifanye hivyo. Ataoa, inshallah, atarudi aoe." Sharifo aliitafuta ncha ya uzi, akavuta, na lesi ikaanza kukimbia, safu kwa safu, haraka kuliko ilivyokuja. Alilia wakati wote anavuta. Kaltun aliketi chini akakunja uzi kwenye donge.

Uzi wa lesi ni mwembamba. Aliushika minne minne, akakaza kama soksi za mzee, akafuma tangu alfajiri mpaka giza, hakupika, hakumsalimia mtu. Sweta lilitoka jeupe, fupi kidogo mikononi, zito. Shingoni alikosa uzi tena, akaliacha bila shingo. Alilifunga kwenye kanga, akaenda nalo langoni mapema, kwa sababu Duale alikuwa amesikia kwamba lori linaondoka siku hiyo.

Langoni alikuwepo yule askari kijana. Sharifo alishukuru Mungu kwamba ni yeye. Alilipokea, akalipapasa mishono, akaingiza mkono ndani, akalinyanyua juani kama Maalim Noordin alivyofanya na soksi zile. Halikuwa na pengo lolote.

"Ni nyeupe," Sharifo alimwambia. "Si ya jeshi. Uzi ni wangu."

"Nitampa."

"Umpe kabla hajapanda."

"Nimesema nitampa, mama. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kusimama pale barabara inapopinda kuelekea mtoni, pamoja na kina mama wengine waliokuwa na vifurushi vyao, na wengine walirudishiwa vifurushi na wengine hawakurudishiwa. Walisimama mpaka jua likawa la utosini. Lori lilipotoka lilikuja polepole kwa sababu ya mashimo, turubai limefunguliwa nyuma, wanaume wamekaa sakafuni kwa safu. Sharifo alitafuta weupe.

Awil alikuwa mwishoni kabisa, karibu na ubao. Alikuwa na fulana ya ndani tu, na mikono ameikunja kifuani. Alimwona dada yake akanyanyua kidevu, kama alivyokuwa akifanya utotoni kumwonyesha kwamba halii. Sharifo alitazama mapajani pa ndugu yake. Akatazama mabegani, mikononi, miguuni pa wale waliomzunguka. Alitembea kando ya lori, kisha akakimbia, bado anatazama. Labda amelikalia. Labda limefungwa na mizigo mbele. Labda askari alisahau, labda alikatazwa, labda liko kwenye kibanda cha langoni linangoja mtu mwingine wa kulivaa. Lori likakata kona, na vumbi likawafunika wote.

Alirudi nyumbani kwa njia ya sokoni. Duale alikuwa mlangoni mwa duka. Alimtazama mkewe usoni akaingia ndani bila kuuliza. Mzee Abdille alikuwa kwenye mkeka wake, miguu mitupu, sikio amelielekeza upande wa barabara. Tangu asubuhi hakuwa amekula.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Aabo."

"Lile jeupe. Amelivaa?"

Sharifo alikaa chini kando yake. Alivua viatu, akaviweka sawa, kimoja karibu na kingine.

"Amelivaa. Limemkaa vizuri."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, na bega lake likalegea. Alikaa hivyo kwa muda akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha adhana ikasikika kutoka msikitini, akanyoosha mkono kutafuta birika, akamwomba amsaidie kuosha miguu.